Tangazo la maji lisilo na nukta hata moja: nani mwenye haki ya kusema lina maana gani?

MpangajiMtopanga aliuliza:

Hamjambo ndugu zangu. Swali langu ni la lugha, ila limeshazaa ugomvi wa maji.

Kwenye ploti yetu hapa Mtopanga, Mombasa, wakala wa mwenye nyumba amebandika karatasi mlangoni. Imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, haina nukta, haina mkato. Nainakili kama ilivyo:

MAJI YATAFUNGULIWA SAA KUMI NA MBILI JIONI HAKUNA MAJI YA TANGI NI YA WALIOLIPA TU

Sisi wa vyumba vya chini tumesoma hivi: bomba linafunguliwa saa kumi na mbili alfajiri, jioni hakuna, na maji ya tangi ndiyo ya waliolipa. Wa ghorofani wanasema sivyo: bomba ni saa kumi na mbili jioni, tangi halina maji, na hayohayo ya bomba ni ya waliolipa tu. Jirani yangu ana deni la mwezi mmoja. Kwa usomaji wetu anaruhusiwa kuteka bombani. Kwa usomaji wa wale wa juu haruhusiwi hata ndoo moja. Msimamizi ameshamzuia mara kadhaa, na akiulizwa jibu lake ni moja: "Someni karatasi."

Wapangaji wamenichagua niandike barua kwa wakala. Nauliza mawili. Kwanza, ni haki kweli kusema kosa ni la karatasi kukosa alama, au tutaonekana tunatafuta kisingizio? Pili, nikiandika barua yetu niangalie alama zipi hasa, isije nayo ikasomwa kinyume? Shuleni tuliambiwa "akifisha sentensi ifuatayo", tukaakifisha, tukapewa alama. Hatukuambiwa kwamba iko siku mtu atanyimwa maji.

AbiriaWaLikoni alijibu:

Dada, pole kwa shida ya maji, lakini nukta usiisingizie. Watu wanaandikiana kwenye simu kutwa kucha bila mkato wala nukta na wanaelewana. Hapo tatizo ni wakala hataki kusema wazi. Mpigieni simu mumuulize saa ngapi, yaishe. Ukimwandikia barua ya kumsahihisha Kiswahili atakasirika, na mwenye kuumia ni huyo jirani.

ChapaMwembeTayari alijibu:

Mwanangu MpangajiMtopanga, kosa ni la karatasi. Liseme wala usione haya.

Mimi ni mpiga chapa. Kibanda changu kiko Mwembe Tayari. Nilianzia kwenye tapureta, sasa ni kompyuta na printa, lakini kazi haijabadilika: watu huja na maneno mdomoni, mimi nayatia kwenye karatasi. Mikataba ya vyumba, hati za kuuziana viwanja na pikipiki, barua za kuomba basari, malalamiko kwa chifu, kadi za harusi, matangazo ya msiba. Mtu anapokaa kwenye stuli yangu akanisimulia, sihitaji alama yoyote, kwa kuwa sauti yake inapanda, inashuka, inatua. Akiinuka akaenda zake, sauti imekwenda naye. Atakayeisoma karatasi kule mbele hatamsikia. Atakuwa na maneno na vile vidoa nilivyoviweka katikati yake, basi.

Tazama hiyo karatasi yenu. Ina maneno 15. Usiongeze neno, usipunguze, weka nukta tu:

Maji yatafunguliwa saa kumi na mbili. Jioni hakuna. Maji ya tangi ni ya waliolipa tu.

Sasa zihamishe:

Maji yatafunguliwa saa kumi na mbili jioni. Hakuna maji ya tangi. Ni ya waliolipa tu.

"Jioni" imetoka sentensi ya pili ikaingia ya kwanza, na "maji ya tangi" yametoka ya tatu yakaingia ya pili. Kwa saa zetu za Kiswahili, saa kumi na mbili ziko mbili kwa siku, kwa hiyo neno "jioni" ndilo lililobeba mzigo wote, na hapo halijulikani ni la upande gani. Tena kuandika kwa herufi kubwa tupu kumeharibu zaidi. Herufi kubwa nayo ni alama: inamwambia msomaji kwamba hapa ndipo sentensi inapoanza. Zote zikiwa kubwa, hakuna iliyo kubwa. Angeandika kwa herufi za kawaida, hata nukta akazisahau, herufi kubwa ya "Jioni" au ya "Hakuna" ingewaonyesha njia.

Na linaloniuma ni hili. Karatasi ikiwa na maana mbili, itakayofuatwa ni ya yule aliyeshika ufunguo wa bomba. Msimamizi anasema "someni karatasi", lakini aliyesoma ni yeye; nyinyi mmepewa usomaji wake. Watu hudhani alama za uandishi ni pambo la wasomi. Mimi nimekaa miaka mingi mbele ya watu wanaodaiana, na nimeona anayeumizwa na karatasi isiyo na alama ni yuleyule mnyonge. Mwenye nguvu hasumbuki, maana yeye ataitafsiri anavyotaka.

Ndugu yangu AbiriaWaLikoni, unasema watu wanaelewana kwenye simu. Wanaelewana mpaka siku pesa inapoingia kati. Nikupe kisa kimoja nilichokishika kwa mikono yangu. Mama mmoja anayeuza viazi kwa jumla Kongowea alinijia na simu, akataka nimchapie ujumbe wote aliotumiana na kijana mwenye kibanda cha chipsi, kwa sababu shauri lao lilikuwa limefika kwa wazee wa soko. Kijana ndiye aliyekuwa na deni. Mama alimkumbusha, na jibu lililorudi lilikuwa maneno mawili: "Nilipe Ijumaa". Mama akaona amedharauliwa. Yaani mimi ninayekudai, wewe ndiye unaniamrisha nikulipe? Akamkatia mzigo siku ileile. Kumbe mwenzake alikuwa anaomba kwa adabu: nilipe Ijumaa? Utanivumilia mpaka Ijumaa? Lisome tena hilo neno. Nilipe, yaani mimi nikulipe wewe. Nilipe, yaani wewe unilipe mimi. Herufi ni zilezile sita, na kinachozitenganisha ni kiulizi. Nilipoyachapa sikuongeza kitu, maana ushahidi hauguswi, lakini nilimsomea yule mama mara mbili, kwa sauti mbili. Alikaa kimya kidogo, kisha akaiomba simu yake ampigie kijana.

Hiyo ndiyo hali ya lugha yetu. Kiingereza kikiuliza hugeuza mpangilio wa maneno, kwa hiyo hata ukisahau kiulizi swali linajulikana. Sisi hatugeuzi. "Umelipa" ni habari, na "umelipa" ni swali. Tofauti iko kooni. Tuna "je", lakini kwenye simu nani anaiandika? Kwa hiyo katika alama zote mimi kiulizi nakiweka mbele. Ukikisahau, swali linageuka kuwa taarifa, na mtu anaweza kuibeba akaenda nayo kwa chifu: "Si huyu hapa ameandika kwamba nimelipa?"

Mkato unafuata. Hapa kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mwanawe. Sasa mtu akituma ujumbe "Mama Aisha amelazwa", aliyelazwa ni nani? Ni mama yake Aisha, ama ni Aisha mwenyewe na anayeambiwa ni mama? "Mama, Aisha amelazwa" ni mbio za kwenda hospitali kumwona mtoto. Na kwenye shauri kama lenu, tazama hii: "Mwenye nyumba asema mpangaji hajalipa." Mwenye deni ni mpangaji. Tia mikato miwili: "Mwenye nyumba, asema mpangaji, hajalipa." Mwenye deni sasa ni mwenye nyumba.

Halafu iko ile ya "ambao", nayo hii mwanangu uiangalie sana utakapoandika. "Wapangaji ambao hawajalipa watahama": wanaohama ni wale wenye deni tu. "Wapangaji, ambao hawajalipa, watahama": umesema wapangaji wote hawajalipa, na wote wanahama. Nimeona mkataba wa chumba ulioletwa kwangu nitoe kopi ukiwa na mikato hiyo miwili pasipotakiwa. Aliyeutia sahihi hakuiona. Nilimwonyesha, akaurudisha uchapwe upya kabla ya kulipa dipoziti.

Kwenye pesa mimi sikubali maneno peke yake. Mtu ananiambia andika "shilingi elfu ishirini na tano". Kwa masikio ni 25,000. Lakini kwa maandishi, mbishi akitaka ni elfu ishirini, na tano juu yake, yaani 20,005. Ndiyo maana wazee wengi husema "ishirini na tano elfu", kuufunga huo mlango. Mimi huandika kwa maneno, halafu kwa tarakimu, 25,000/=, na kile kimshazari na vistari vyake nakibana ubavuni mwa sifuri ya mwisho ili asipate mtu nafasi ya kuongeza nyingine. Kimebaki tangu enzi za shilingi na senti zilizotenganishwa kwa mshazari, nacho bado kinalinda fedha za watu.

Msidhani ni mambo ya vibandani tu. Kule Marekani, jimbo la Maine, madereva wa kusambaza maziwa waliishtaki kampuni yao, Oakhurst Dairy, wakidai malipo ya saa za ziada. Sheria ya jimbo ilikuwa imeorodhesha kazi zisizolipiwa saa za ziada, na mwisho wa orodha hapakuwa na mkato kabla ya "au". Kwa hiyo haikujulikana kama iliyotajwa ni kazi mbili, kufunga mizigo na kusambaza, au ni moja tu: kufunga mizigo kwa ajili ya kusafirishwa au kusambazwa. Madereva husambaza, hawafungi. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikasema sheria yenyewe haiko wazi, na isipokuwa wazi isomwe kwa faida ya mfanyakazi. Mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5. Orodha ile nayo iliandikwa upya, kila kazi ikatengwa na mwenzake kwa nukta mkato.

Lishike hapo hilo la mahakama: karatasi ikiwa na maana mbili, isomwe kwa faida ya nani? Wale walikuwa na jaji wa kuwasemea. Jirani yako ana nyinyi na hiyo barua.

Sasa usinitoke ukaanza kumwaga mikato kila mahali. Iliyozidi nayo inavuruga. Usiweke mkato kati ya mtenda na kitendo chake: "Msimamizi wa ploti yetu, alimzuia jirani" ni kosa, hata kama mtenda ana maneno kumi na umechoka kuyasoma. Alama za mshangao tatu tatu kwenye barua ya malalamiko ziache. Wakala ataona hasira na hataona hoja. Ritifaa ya ng'ombe na ng'ambo iandike kwa sababu ni tahajia yetu, lakini ukiisahau sidhani kama kuna atakayenyimwa maji kwa hilo.

MaalimKisauni alijibu:

Assalaam alaykum. Naongeza kidogo kwa aliyoyasema Bi Chapa, kwa sababu vijana wengi wa hapa Mombasa walifundishwa jambo hili chuoni, yaani madrasa, wakiwa wadogo, na hawalihusishi na uandishi wao.

Kila aliyesoma kwa Msahafu uliochapwa ameziona alama ndogo zilizokaa juu ya mistari. Ukikuta mim ndogo, kituo ni lazima. Ukikuta lam-alif, usitue hapo. Jim, una hiari. Na viko vitone vitatu vinavyokuja kwa jozi: ukitua penye vya kwanza, usitue penye vya pili, na ukivuka vya kwanza unaweza kutua penye vya pili. Mfano wake uko mwanzoni kabisa, Suratul Baqara, aya ya pili. Ukitua kabla ya "fihi", maana ni kwamba Kitabu hicho hakina shaka, ndani yake mna uongofu. Ukitua baada ya "fihi", ni Kitabu kisicho na shaka ndani yake, nacho ni uongofu. Neno moja limekwenda upande huu au ule, kama ile "jioni" yenu.

Tofauti ni kwamba pale maana zote mbili ni sahihi na zinakubaliana, na wanavyuoni wamekaa wakapima kila kituo ili msomaji asiingie kwenye maana isiyofaa. Mtoto wa miaka saba chuoni akitua pasipotakiwa, mwalimu humrudisha papo hapo asome tena tangu juu. Kama tunachukua uangalifu huo tunaposoma, sioni kwa nini tuandikiane wenyewe kwa wenyewe bila uangalifu wowote, tena kwenye haki ya jirani na maji ya kunywa na kutawadha.

AbiriaWaLikoni alijibu:

Maalim na Bi Chapa, nimewasoma vizuri, na ile ya "nilipe" imeniingia. Lakini niulize kwa dhati. Marehemu babu yangu ameacha kasha la barua za biashara, Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Nimezitazama, hazina mkato, hazina kiulizi. Watu waliuziana mali kwa barua hizo na mambo yakaenda. Na leso je? Nenda Biashara Street, kila leso ina maneno yake kwa herufi kubwa tupu, na sijaona mwanamke aliyeshindwa kuisoma. Kwa nini basi sisi ndio tuhitaji vidoa hivi?

ChapaMwembeTayari alijibu:

Hilo ni swali zuri, ndugu yangu, na nimefurahi umelitoa.

Hizo barua za babu zitazame tena. Baada ya salamu utakuta "ama baad" au "wa baadu", na jambo linapobadilika huenda ukaikuta tena. Mwisho utakuta "wasalaam". Hayo ndiyo yaliyokuwa yakifanya kazi ya vituo: mwandishi alikuwa anamwambia msomaji, hapa salamu zimekwisha, sasa naingia kwenye shughuli, hapa shughuli imekwisha. Walitumia maneno pale tunapotumia alama na aya. Kisha barua nyingi zilisomwa kwa sauti, na msomaji alikuwa mtu anayemjua aliyeandika na anayeijua biashara yenyewe. Sauti ilikuwa inarudishwa na yule msomaji. Karatasi ya mlangoni Mtopanga haina msomaji wa namna hiyo. Kila mtu anaisoma peke yake, na ndoo mkononi.

Hata washairi wetu, wanaohesabu mizani kwa vidole, hawakuyaacha maneno yajipange yenyewe. Katika hati za zamani utaona alama zimetiwa baina ya kipande na kipande. Na leo shairi la mizani kumi na sita likichapwa, utaona mkato umekaa katikati ya mshororo, baada ya mizani ya nane, ili ukwapi, kile kipande cha kwanza, usiingie kwenye utao, kile cha pili. Bila huo, asiyejua kina cha kati atausoma mshororo kama habari ya gazeti.

Leso ni jambo jingine, na umenigusa kwa sababu nazipenda. Leso huwa na sentensi moja, fupi, na mara nyingi ni msemo ambao watu wanaujua tangu utotoni. Lakini kuna zaidi. Leso yenye maana mbili mara nyingi imenunuliwa kwa sababu ya hizo maana mbili. Mvaaji anapita mbele ya jirani, ujumbe unafika, na akiulizwa ana haki ya kusema, "Mimi nimependa rangi tu." Ndiyo ada ya leso, na nzuri. Tangazo la maji halina ruhusa hiyo. Wala mkataba, wala ujumbe wa deni, wala barua ya hospitali inayosema dawa imezwe lini. Anayeandika vitu hivyo anatakiwa aseme jambo moja na asimame nalo.

Na kuhusu kumpigia wakala simu: mpigieni, ndiyo. Lakini simu ikikatwa atabaki na karatasi yake mlangoni, na msimamizi ataendelea kuisoma apendavyo.

MpangajiMtopanga alijibu:

Bi Chapa, Maalim, na wewe kaka Abiria, Mungu awalipe. Nimewasomea wenzangu hapa kibarazani, hata wa ghorofani wamekubali kwamba karatasi ina njia mbili, na wametia majina yao kwenye barua. Hii ndiyo rasimu, naomba mnitazamie:

"Sisi wapangaji tuliotia sahihi hapa chini tunaomba ufafanuzi wa tangazo la maji lililobandikwa mlangoni. Tangazo hilo linasomeka kwa maana mbili, nazo tumeziandika nyuma ya barua hii. Tunaomba mtuambie ni ipi, kwa maandishi. Wengi wetu tumeshalipa. Hatukulipa kwa sababu mlitutishia. Jirani yetu mwenye deni la mwezi mmoja ameahidi kulipa, tunaomba asizuiwe kuteka maji ya bomba wakati tunasubiri jibu lenu."

ChapaMwembeTayari alijibu:

Umeandika vyema. Kuziandika zile maana mbili nyuma ya barua ni jambo ambalo hata mimi nisingelifikiria, na litamfunga wakala kuliko maneno yetu yote hapa.

Sentensi moja itoe: "Hatukulipa kwa sababu mlitutishia." Najua ulichokusudia, kwamba mmelipa kwa hiari na si kwa vitisho. Lakini mwenye kutaka ugomvi atasoma hivi: hawa hawakulipa, na sababu yao ni kwamba tuliwatisha. Imekaa palepale baada ya "tumeshalipa" na bado inawezekana kuigeuza. Hapo nimejaribu mkato, nimejaribu kuihamisha, haiponi. Ziko sentensi ambazo alama haziwezi kuziokoa, dawa yake ni kuzivunja. Andika: "Tumelipa kwa kuwa ni wajibu wetu, si kwa sababu ya vitisho." Sasa "si" imekaa ubavuni mwa kile inachokikanusha, na hakuna pa kuipeleka.

Pale "ameahidi kulipa, tunaomba" mkato umebebeshwa kazi isiyo yake. Hizo ni sentensi mbili. Weka nukta, anza upya: "Jirani yetu mwenye deni la mwezi mmoja ameahidi kulipa. Tunaomba asizuiwe kuteka maji ya bomba wakati tunasubiri jibu lenu." Ombi lisimame peke yake, maana ndilo lililowatoa.

Ambatanisha na tangazo jipya mtakalomwandalia, ili asipate sababu ya kusema hana nafasi ya kuandika. Kila jambo lipewe mstari wake, kwa sababu mwisho wa mstari nao unamtuliza msomaji kama nukta:

Maji ya bomba yatafunguliwa kila siku kuanzia saa ........ asubuhi / jioni (kata lisilohusika).
Wanaoruhusiwa kuteka maji ya bomba: wapangaji wote / waliolipa tu (kata lisilohusika).
Wanaoruhusiwa kuteka maji ya tangi: wapangaji wote / waliolipa tu (kata lisilohusika).

Nafasi za vitone msizijaze nyinyi. Ajaze yeye kwa mkono wake, akate yeye, atie sahihi na tarehe. Chapeni barua nakala mbili. Moja aipokee, ya pili aiandike "nimepokea" na jina lake, kisha mrudi nayo. Ukija Mwembe Tayari asubuhi kabla watu hawajajaa nitakuchapia, na kwa ya jirani yako sitachukua pesa.